Sikio la Bibi Kizee

Shing'weng'we alikuwa amekwisha kumeza watu wote na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha ndani ya lundo la makapi. Ndivyo inavyoanza ngano ya Wasukuma kuhusu Masala Kulangwa, na msikilizaji wa Bariadi, Maswa au Meatu hahitaji kuelezwa lundo hilo linafananaje. Mtama ukishapurwa na kupepetwa, kinachobaki pembeni ya uwanja ni kitu chepesi, kinachowasha shingoni, kisicho na mwenyewe. Zimwi lenye njaa ya dunia nzima halikuona sababu ya kuchokora takataka. Mwanamke akajifungua mtoto wa kiume, akaitwa Masala Kulangwa, yaani mwerevu anayefahamu upesi. Mtoto alipopata akili akauliza alichopaswa kuuliza: mama, mbona tuko wawili tu, wengine wako wapi?

Alipoambiwa, akaanza kumsaka mmezaji. Siku moja akarudi ameshika panzi, anaimba kwamba Shing'weng'we amekufa. Mama akamtazama, akamwambia: mwanangu, huyu ni panzi, tumchome tumle. Siku nyingine akaja na ndege, tena akaja na paa, tena na mnyama aliyempita paa kwa ukubwa, na kila safari mama alimrudishia jibu lile lile, moto ukakokwa, wakala. Hatimaye akakutana naye mwenyewe, akamshinda, akampasua. Wakatoka baba yake, jamaa zake, majirani, ng'ombe, mbuzi, dunia nzima. Ila katika kupasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa mle tumboni. Kizee akawaka hasira, akamtukana kijana, akataka kumloga. Rafiki zake Masala wakamlinda, dawa ikatafutwa, kizee akatibiwa. Kisha watu wakamketisha kijana kwenye kiti cha utemi, na mama yake akapewa heshima ya mama wa mtemi.

Sasa, lile sikio linafanya nini pale?

Mhariri wa leo angelifuta. Shujaa yupo, zimwi lipo, ushindi upo, kiti kinasubiri. Mambo yanakwenda mbio kuelekea sherehe, halafu ghafla tunasimamishwa na kizee anayelalamikia sikio lake. Lakini wasimulizi wa shikome, ule moto wa jioni ambapo wazee waliwafunda vijana, hawakulifuta, wala akina bibi waliosimulia jikoni hawakulifuta. Hilo ni jambo la kutafakari, kwa sababu simulizi ya mdomo haina karatasi ya kushikilia kitu kisichohitajika. Kisichohitajika husahauliwa kizazi cha pili tu. Sikio limevuka vizazi.

Jibu la haraka lipo katika methali: fadhila za punda ni mateke. Umemtoa mtu tumboni mwa zimwi, anakulipa kwa uchawi. Wapo wanaoisikia ngano hivyo na kutosheka. Mimi jibu hilo linanitia shaka, maana linamgeuza kizee kuwa mfano wa tabia mbaya na kuufunga mlango. Ukimuuliza bibi wa huko Itilima kwa nini kizee alikasirika ilhali ameokolewa, tegemea swali badala ya jibu: "Mjukuu wangu, wewe ukikatwa sikio utacheka?" Kuokolewa ni jambo moja, sikio ni jambo jingine, na deni la kwanza halifuti la pili. Ngano imeyataja yote mawili, ikayaacha yamekaa pamoja bila kuyapatanisha, ikaenda zake kwenye utemi.

Nadhani mwandishi wa hadithi za kubuni anayekwenda kwenye ngano na visakale vya kwao aingilie hapo hapo. Zimwi si lake: limekwisha kuuawa, na kila mtu anajua lilivyouawa. Kazi yake iko pale ambapo ngano iliona jambo, ikalitaja, ikashindwa au ikakataa kulimaliza. Mengine yote katika ngano yamefanyiwa kazi na mafundi walio bora kuliko sisi. Tunaweza kuyarudia tu.

Nasema hivi kwa sababu mtindo uliopo sasa ni wa kurudia, tena kurudia kwa juu juu. Kijana amesoma au ametazama filamu kuhusu miungu ya Wagiriki na ya watu wa Skandinavia, akajiuliza vizuri kabisa: kwa nini sisi tusiwe na ya kwetu? Akarudi na mzimu mmoja, mganga mmoja, ungo unaoruka usiku na majina mawili matatu ya kikabila, akavipachika kwenye kisa cha kulipiza kisasi ambacho kingeweza kutokea Nairobi, Lagos au Chicago bila kubadilisha kitu. Ukimwondoa mzimu, kisa kinasimama vile vile. Hapo ngano imetumika kama kanga iliyotundikwa ukutani hotelini: mgeni anajua yuko Afrika, na mwenyeji anajua kwamba kanga hiyo haijawahi kuvaliwa.

Kuna njia nyingine, na haikuanza jana. Chukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Kiunzi chake kimetoka kwenye kisa cha Abdalla bin Fadhil katika Alfu Lela Ulela, na mwandishi hakujaribu kuficha ukoo huo. Katika kisa cha Kiarabu, ndugu wawili waliomfanyia mwenzao hiana wanageuzwa mbwa, naye analazimika kuwachapa kila usiku. Shaaban Robert aliubakiza mjeledi na usiku, akabadilisha mnyama: nduguze Adili wamekuwa manyani. Badiliko hilo linaonekana dogo hadi utakapojaribu kuiona picha. Mbwa hupigwa mawe mitaani kwetu bila mtu kugeuza shingo. Nyani ana vidole, ana uso, anajikinga kichwa kwa mikono kama mtoto anayeogopa fimbo. Kumchapa nyani kila usiku, huku ukijua ni mtoto wa mama yako, ni adhabu inayomrudia mchapaji. Kisa cha kale kilikuwa na swali ndani yake, la kumwadhibu ndugu bila kuacha kuwa ndugu yake, na mwandishi wa Tanga alilikaza kamba kwa kubadilisha mnyama mmoja tu. Ila majina, Hasidi na Mwivu, kwangu mimi ni udhaifu wa kitabu. Ukishamwita mtu Hasidi umemhukumu kabla hajanyanyua mkono, na msomaji hana kazi tena.

Usukumani kwenyewe ufundi wa namna hii ulikuwako, na ulikuwa na ushindani mkali kuliko wa wachapishaji. Ngoma za Wasukuma zimegawanyika katika pande mbili zinazoshindana, Bagika na Bagalu, na simulizi hulipeleka chimbuko la mgawanyo huo kwa waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno pande mbili hukutana uwanjani, kila moja na manju wake, na anayeshinda ni yule atakayeuvuta umati upande wake. Watu husimama katikati, halafu polepole wanahama. Manju hutumia kila alicho nacho, dawa, vichekesho, nyoka, matusi ya kisanii, na pia historia: watemi wa zamani, mashujaa, njaa zilizopita, magomvi ya waganga. Lakini hawezi kuimba ya mwaka jana kama yalivyokuwa. Umati unayajua, na miguu yao itamwambia. Anachukua kisakale kinachojulikana, anakigeuza ubavu ambao haukuwahi kuonekana, anakielekeza kwa mtu au jambo la msimu huu. Mwandishi wa Bariadi anayejiuliza kama ana ruhusa ya kuigusa mila angekwenda kwanza uwanjani akasikilize. Ruhusa ilitolewa zamani. Kinachodaiwa ni uhodari.

Hata hivyo si kila simulizi inaguswa kwa mkono ule ule. Wataalamu wa fasihi simulizi hutenganisha ngano na visakale, na tofauti hiyo si ya darasani tu. Hakuna mtu Bariadi atakayekuuliza Shing'weng'we aliishi kata gani. Kwa Ng'wanamalundi mambo ni mengine. Huyo alikuwa mtu, aliishi enzi za ukoloni, alikuwa bingwa wa ngoma na dawa, na inasimuliwa kwamba aliinyooshea miti mkono ikakauka, na kwamba umati ulimfuata hadi Wajerumani wakaingiwa na wasiwasi wakamkamata. Ukimtaja mbele ya wazee hawasikilizi kama wanavyosikiliza ngano. Wanabisha, wanataja babu aliyeona, wanataja mahali miti ilipokuwa. Emmanuel Mbogo alipomleta jukwaani katika tamthilia yake Ngoma ya Ng'wanamalundi, mwaka 1988, aliingia kwenye shamba lenye mipaka. Mtu mwenye ukoo hai hageuzwi kuwa chochote unachotaka, au tuseme anageuzwa, lakini kwa gharama ambayo mwandishi anapaswa kuijua mapema.

Aliyeijua vizuri ni Ebrahim Hussein. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya kuzuia risasi, alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa vimeanza tu. Tamthilia ya Kinjeketile ilitoka mwaka 1969, taifa likiwa changa na likiwa na kiu ya mashujaa. Hussein aliwatahadharisha wasomaji kwamba mtu wa kwenye tamthilia ni kiumbe cha ubunifu, wasimchukue kuwa ndiye yule wa historia. Wengine wameiona tahadhari hiyo kuwa adabu ya kawaida ya mwandishi. Naiona kuwa ndiyo iliyomruhusu kufika alikofika. Kisakale kilikuwa na shujaa, maji na kunyongwa. Hakikuwa na jibu la swali gumu: mtu aliyewaunganisha watu kwa imani ambayo yeye mwenyewe ameanza kuitilia shaka afanye nini imani ikishatembea kwa miguu yake? Katika tamthilia, Wajerumani wanamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, ijapokuwa ameona maiti. Anajua kwamba kukiri kwake kutapokewa na watoto wa kesho kuwa ushahidi kwamba kupigana kulikuwa kosa. Hussein hakumsafisha Kinjeketile wala hakumshtaki. Alimbana kwenye kona ambayo kisakale kilipita kando yake.

Nirudi kwa kizee, maana bado anadai.

Ngano ya zimwi linalomeza watu haikuzaliwa Usukumani peke yake. Imetapakaa katika nchi za Wabantu hadi kusini kabisa. Wasotho wanasimulia kuhusu Senkatana, kijana aliyeliua dude lililomeza watu wote isipokuwa mama yake. Katika simulizi mojawapo ya Wasotho, kisu kinapoingia ngozini watu walio ndani wanapiga kelele: angalia, unatuchoma! Na kwa Senkatana mwisho ni mchungu, kwani waliookolewa wanamgeukia na kumuua. S. M. Mofokeng aliandika tamthilia ya jina hilo mwaka 1952, wakati makaburu wa Afrika Kusini wakiwa madarakani kwa mwaka wa nne. Ukiziweka ngano hizi mbili bega kwa bega unaona kwamba sikio si ajali ya msimulizi mmoja mlevi. Mababu wa huku na wa kule waliona jambo lile lile: huwezi kupasua tumbo la zimwi bila kuwagusa walio ndani. Wasotho walilipeleka hadi kwenye mauaji. Wasukuma wakaliacha kwenye sikio na kesi ndogo ya uchawi, na kwa sababu hiyo, kwa maoni yangu, ngano yao ni ngumu zaidi. Shahidi aliyeuawa anahurumiwa na kila mtu. Shujaa aliye hai, amekalia kiti, na chini yake yupo mwanamke mwenye sikio pungufu, huyo anatutaka tufikiri.

Na nchi hii inamjua. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya Watanzania walihamishiwa kwenye vijiji. Nia iliyotangazwa ilikuwa ya ukombozi: shule, maji, zahanati, kuwatoa watu kwenye tumbo la ujinga, umaskini na maradhi. Usukumani, ambako kaya ilijitenga na kaya kwa mashamba na malisho, na mji wa mtu ulikuwa na makaburi ya baba zake na minyaa yake, operesheni ilikuwa kisu kweli kweli. Wapo waliopata shule. Wapo waliobomolewa nyumba. Mara nyingi walikuwa watu wale wale. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, ng'ambo ya ghuba kutoka upande wa Busega, aliliandika jambo hilo mapema katika Gamba la Nyoka, mwaka 1979, watu wakiwa bado wana vumbi la kuhama miguuni. Hakumtaja Masala Kulangwa na wala hakuhitaji. Baadaye, katika Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya 1991, alikwenda njia ya pili: akaacha kisa cha kawaida, akaandika moja kwa moja kwa lugha ya visasili, safari zisizo na ramani, wazee wanaozungumza kwa mafumbo. Kuna wasomaji wanaoviona vitabu hivyo viwili kuwa kilele chake. Navisoma kwa heshima, lakini nikiambiwa nichague, nachagua Gamba la Nyoka. Katika visasili vyake vya kujitungia naona akili kubwa ikifikiri. Katika Gamba la Nyoka naona damu sikioni.

Pana watu wengine walioichukua ngano hii kabla ya waandishi kuamka. Mapadre wawili wa Maryknoll waliofanya kazi Usukumani kwa miaka mingi, Donald Sybertz na Joseph Healey, walichapisha mwaka 1996 kitabu cha teolojia ambamo Masala Kulangwa anafananishwa na Kristo: mwokozi aliyezaliwa na mama mnyonge, akamshinda mmezaji, akawatoa waliomezwa. Ulinganisho huo una nguvu, na mhubiri anayeutumia anaeleweka mara moja na kila aliyelelewa kwenye ngano hiyo. Ugumu wake unajitokeza kwenye ncha ya kisu. Mkombozi wa dini hakosei kukata. Masala alikosea. Ngano inasema wazi kwamba ilikuwa bahati mbaya, hakukusudia, na bado kosa lilikuwa lake. Dini ilimhitaji mwokozi, na miaka ya baada ya uhuru siasa nayo ilimhitaji mwokozi. Kwa wote wawili kizee alikuwa msumbufu. Riwaya ndiyo inayoweza kumkaribisha, kwa kuwa riwaya haina ibada ya kuendesha wala mkutano wa kufungua.

Kumkaribisha, lakini, ni hatari, na Simiyu ni mahali pa mwisho pa kuisahau hatari hiyo. Kwenye mkoa huu uliomegwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga na Mwanza, kama kwingineko Usukumani, vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeyaandika mauaji ya namna hiyo mwaka baada ya mwaka katika ripoti zake. Dalili iliyotajwa sana ni macho mekundu. Macho hayo yana historia ya kawaida kabisa: nchi hii imepungukiwa kuni, jikoni huwashwa mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, na mwanamke aliyepika miaka 50 ndani ya moshi huo atakuwa na macho gani? Ng'ombe wakifa, mtoto akiugua, mvua ikigoma, wanatazamwa wao. Na nyuma ya tuhuma mara nyingi pana shamba, au urithi, au mkwe aliyechoka. Sheria ya Uchawi iliyoachwa na Waingereza mwaka 1928 inakataza kumnyooshea mtu kidole kuwa mchawi. Kidole kimeendelea kunyooshwa.

Katika mazingira hayo, mwandishi anayeandika kwamba kizee alikasirika akataka kumloga kijana hawezi kudai kwamba anasimulia tu. Sentensi hiyo ina ndugu zake mitaani. Amekwisha kuzungumza na mtu mwenye panga, apende asipende.

Rahisi ni kukifuta kipande hicho. Vitabu vya watoto hufanya hivyo, na sina ugomvi navyo. Lakini kwa riwaya kufuta ni woga unaojifanya wema. Uchawi ukitolewa kwenye ukurasa hautoki kijijini, na kizee akitolewa kwenye ngano anabaki Dutwa au Nkololo na macho yake, bila mtu wa kumsemea. Wapo pia wanaodhani dawa ni kumgeuza: kizee awe ndiye mwema, kijana awe dikteta. Huo nao ni uvivu, ila umevaa nguo mpya.

Ushauri wangu ni kuisoma ngano upya, polepole, kwa sababu ndani yake pana kitu kilichopitwa hata na wanaoisimulia. Kizee alitukana na akataka kuloga, hilo limesemwa. Watu wakafanya nini? Walikuwa umati mkubwa, wametoka kuzimu dakika hiyo hiyo, damu imewachemka, shujaa wao anatishiwa na mwanamke mmoja asiye na nguvu. Kila tunachokijua kuhusu umati kinatuambia nini kingefuata. Ngano inasema walifanya mambo mawili: walimlinda kijana, na walimtafutia kizee dawa ya sikio. Basi. Hakupigwa. Hakufukuzwa. Hasira yake ilichukuliwa kuwa ina chanzo, chanzo kikatazamwa, kikaonekana kuwa ni kidonda. Wazee waliosimulia ngano hii waliamini uchawi kuliko sisi, na ndio waliosema kwamba mtu anayetaka kukuloga kwa sababu umemkata sikio atibiwe sikio.

Hapo ndipo ngano inapomzidi maarifa mwandishi, na hapo anapaswa kuwa mwanafunzi kabla hajawa mbunifu. Sehemu kubwa ya tunachokiita ubunifu ni kuleta panzi nyumbani kwa kelele. Nimesoma miswada ya vijana, na ya wasio vijana, iliyotangaza kwamba zimwi la siku hizi ni simu, au ni mzungu, au ni mapenzi ya mjini, na kila mara nilimkumbuka yule mama: mwanangu, huyu ni panzi. Tazama pia kwamba hakumcheka. Panzi aliliwa. Ndege aliliwa. Kazi ndogo nazo hulisha nyumba. Ila mama hakukubali jina kubwa lipewe kitu kidogo, na bila yeye Masala angestaafu ushujaa siku ya kwanza. Waandishi wetu wengi wanakosa mama wa namna hiyo. Wana marafiki wanaopiga makofi, na wana wahariri wa Dar es Salaam ambao hawajui kama jina la zimwi limeandikwa sawasawa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, na tafsiri aliyoifanya mwenyewe kwa Kiswahili ikachapishwa mwaka 1980. Akafariki mwaka uliofuata. Kila ukurasa wake unaonyesha mtu aliyeandika huku akisikilizwa na wanaojua. Hakuna pombe inayopikwa humo kwa haraka, hakuna salamu inayorukwa. Anayetaka kuandika Shing'weng'we leo akiwa Bariadi ana bahati ya kuweza kuusoma mswada wake kwa sauti, jioni, pakiwa na sahani ya michembe, mbele ya watu watakaomkatiza.

Na kama kweli anataka kuanza, sura ya kwanza ipo tayari, nayo inaanzia pale ngano inapomalizikia. Dawa ilikuwa ipi, nani aliitafuta, na je, kizee alikubali kupakwa na rafiki wa aliyemkata? Ngano haisemi. Tuseme sikio limekauka, lakini ncha yake haikurudi. Kwa mila, aliyeumizwa ana haki ya kudai fidia, na madai hupelekwa kwa mtemi. Mtemi ni Masala. Kesi ya kwanza ya utawala wake ni kisu chake mwenyewe, na wameketi kuisikiliza banamhala, wazee waliomweka kitini, ambao mvua ikikosekana wanaweza kumtoa. Anakiri, maana hana la kuficha. Dunia nzima ilikuwapo. Wanamtoza ng'ombe. Hapo karani wa hadithi anasita, kwa sababu mtemi hana hata ndama. Alikulia peke yake na mama yake kwa nyama ya panzi na paa, na kila ng'ombe aliyetoka tumboni mle ametoka na mwenyewe ameshika mkia. Itabidi waliookolewa wamchangie mwokozi wao faini, na wapo watakaokataa.